Jasho Liko Wapi

Afisa michezo alifunga faili, akauliza:
"Mchezo usio na jasho
tuupeleke ng'ambo kwa nauli ipi?"

Nyemo hakumjibu.
Kutwa nzima pale Makole alitafuta
mishipa ya vichanga, myembamba kama uzi wa buibui.
Jioni hii, klabu ya reli, feni imekufa,
anatafuta nane maradufu.
Vishale vitatu. Zimebaki kumi na sita.

Mchezo gani mwingine mtu huanza tajiri,
mia tano na moja mkononi,
na kushinda ni kufilisika sawasawa,
bila deni, bila chenji?

Cha kwanza kikagonga waya, kikaanguka.
Cha pili kikaingia nane ya ndani:
hesabu upya, shabaha mpya, pumzi ileile.
Mezani wameacha kutafuna mbuzi.

Na ubao wenyewe, afisa, ni katani.
Huko ng'ambo wanakolipwa kwa kulenga,
huenda wanalenga mkonge
uliokatwa na mikono ya huku,
na hao wakataji hakuna aliyewauliza kama walitoka jasho.

Cha tatu bado kiko vidoleni.
Sogea, afisa.
Tazama kwapa la sare yake.