Kutwa Mara Tatu

Mkono huu umeandika "kutwa mara tatu"
mara nyingi kuliko ulivyoandika jina langu.
Juu ya bahasha ndogo za dawa, kwa peni ya buluu:
baada ya kula, kabla ya kulala,
meza na maji mengi,
usiache hata ukipata nafuu.

Mimi chakula cha mchana nilikiacha tangu Februari.
Usingizi niliupata nimekaa.

Duka letu, Tandika, lina dirisha lenye tundu
la kupitisha mkono, cheti na hasira.
Mtandao wa bima ukigoma, nimeugomesha mimi.
Dawa ikikosekana bohari, nimeila mimi.
"Nyie kazi yenu kukaa kwenye feni," aliniambia baba mmoja,
na feni yenyewe, Mungu shahidi,
huzunguka kama bibi anayetafuta sindano aliyoidondosha.

Umeme ukikatika sikimbilii mshumaa, nakimbilia friji:
insulini ya watu imo humo,
na barafu ni ya kuazima kwa muuza juisi.
Usiku naigusa friji ile ubavuni
kama mama anayepima homa ya mwana.

Chuoni tulifundishwa: mfamasia ni wa mwisho.
Daktari akikosea, yeye yupo. Nesi akichoka, yeye yupo.
Hakuna aliyesema kama nyuma ya huyo wa mwisho
kuna mtu, au kuna ukuta.

Jumatatu ile ya masika Msimbazi ulifunga njia,
Mwenzangu Kisoki hakuvuka.
Nikashika zamu yangu na yake.
Jioni akaja mama wa Yombo, kanga imelowa,
anataka dawa yake ya sukari.
Nikanyoosha mkono bila macho, rafu ya tatu, kushoto,
maboksi mawili, kiwanda kimoja, kijani kimoja,
pacha wa shari.
Tano, kumi, kumi na tano…
Nikafunga bahasha.

"Dada Sikudhani," akasema Elineema,
mwanafunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo,
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani,
"hii si ya presha?"

Sikumshukuru. Niseme kweli: nilimfokea,
asisimame nyuma yangu.
Kisha nikaviona vidonge vikigongana kwenye trei kama meno,
na trei nimeishika mimi.
Nikaenda stoo, nikakaa juu ya katoni ya dripu,
nikalia kilio kisicho na sababu moja.

Alipomaliza kumhudumia yule mama
akaniletea chai ya rangi na nusu ya chapati yake.
Hakusema pole.
Akasema kule hosteli, Upanga, husoma hadi adhana ya alfajiri;
majina ya dawa yanamwingia,
ya wadogo zake yanamtoka.
Kwamba wiki ya mitihani alimeza vya kukesha,
kisha vya kulala,
akadhani ndiyo kazi yenyewe.
Ana miaka ishirini na miwili.

Hapo ndipo nilipoogopa,
na sikuogopa kwa ajili yangu.

Hatujawa malaika. Foleni ipo, bima bado hugoma.
Ila sasa anayehesabu hasemeshwi,
na bahasha haitoki bila jicho la pili.
Saa saba mchana dirisha linafungwa dakika ishirini;
anayegonga, na agonge.
Mzee Rwechungura, mwenye duka, alinuna wiki nzima.
Nikamwekea mezani yale maboksi mawili ya kijani,
nikamwambia achague la sukari bila kuvaa miwani.
Akaajiri mtu wa Jumamosi, shingo upande.

Kisoki na mimi tunapigiana simu tukifunga.
Huwa hatuna la maana. Tunasimuliana matusi ya siku, tunacheka.

Elineema amerudi chuoni.
Juzi kwenye mkoba wangu nimekuta bahasha ya dawa,
nyepesi, tupu, mwandiko wake:
*Sikudhani. Keti.
Kutwa mara tatu.
Usiache hata ukipata nafuu.*

Leo nimekaa mara mbili.
Dozi moja nimeiruka.