Mpaka wa Kiwanja cha Kumi na Nne

Ofisini Langoni, juu ya duka la nyavu,
nina viwanja ishirini na tatu ndani ya kioo.
Vya kijani navipita. Vya njano naviwekea alama.
Cha kumi na nne, hori la Siyu,
ni chekundu tangu Shaabani.

Mstatili. Pembe nne, kila pembe na desimali sita,
kazi ya mtu wa Nairobi aliyependa mistari iliyonyooka.
Miche elfu tatu na mia mbili, yasema kadi yake,
mikoko na mikandaa; mwenyekiti wa kikundi: Mize Famau.
Asilimia ya uhai: nne.
Chini kabisa, kitufe: Funga eneo.
Na barua pepe ya bosi: kifunge kabla robo haijaisha.

Sikukifunga. Sababu ya kuandika sikuwa nayo,
nilikuwa na shaka tu,
na shaka haina kisanduku chake.

Bi Mize alinipokea na ndara mkononi.
"Wewe ndiwe mwenye ramani?"
Nikasema mimi ni mtunzaji tu.
"Basi vua viatu."

Nikamwonyesha simu ndani ya mfuko wa plastiki,
nukta ya buluu ikipumua juu ya wekundu.
Tuko hapa, nikasema. Hapa pamekufa.
Akatazama: mchanga, vijiti, kaa mmoja ameinua gando.
"Hapa hatukurudia kupanda.
Mara ya kwanza tulifuata karatasi yenu, mchanga ukaja ukafukia.
Mkoko wataka tope la kukushika mguu
likuulize wenda wapi.
Ndoo."

Hatua mia na sitini kuelekea juu.
Simu ikalia: umetoka nje ya eneo.
Na huko nje ndiko ilikokuwa,
imefika magotini, majani yameng'aa kama yamepakwa tui,
mingine imefungwa vipande vya leso,
kila rangi na mama yake.
Setilaiti hupita hapa kila siku tano.
Hakuna aliyewahi kuiuliza habari za huku.

Nikabonyeza: Tembea mpaka.
Kila hatua nukta, kila nukta fundo.
Wakanifuata wanawake saba, mmoja na mtoto mgongoni,
wakibishana kama mchu wa Tima Bwanaheri umo au haumo.
Umo. Tukauzunguka,
nikatumbukia hadi mapajani, wakacheka mpaka wakakohoa.

Kwenye fundo la thelathini na kitu
Bi Mize akanishika kiwiko.
"Hapo usitie."

Nilikuwa nimeshaona.
Visiki vya juzi, magome yangali mekundu,
boriti kumi na mbili zimelazwa chini ya makuti.
Marufuku ya kukata ina miaka sasa,
na nyumba yake, nilipita nayo asubuhi,
imeegemea upande kama mtu anayesikiliza.
Hakueleza. Sikuuliza.
"Hapo ni tope tu," akasema, akiangalia maji.

Nikapinda. Nikaacha.

Mstari ulipojifunga ulikuwa umbo nisilolijua jina,
mfano wa mkate wa mofa ulioumwa.
Programu ikauliza: Una hakika unataka kubadili mpaka?
Mtandao ukaenda. Ukarudi. Ukaenda.
Tulisimama wote tisa, maji yakiingia vifundoni,
tukikitazama kiduara kikizunguka,
hata mtoto alinyamaza.
Ikapokea.

Leo cha kumi na nne ni kijani. Asilimia sabini na moja.
Penye jina la eneo nimefuta herufi na tarakimu
nikaandika Kwa Mize.
Nairobi wamefurahi, wanataka picha,
ikiwezekana wanawake wakitabasamu.

Wameuliza na jambo moja dogo:
upande wa kaskazini, hilo pengo,
ni nini?

Nimeandika. Nimefuta. Chini barabarani
muuza nyavu anapimia mtu pima tano, mkono hadi mkono,
na mikono yake si mirefu kama ya baba yake.
Nimeandika tena:

Tope.