Hesabu ya Furu, Lutoboka

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi nazama
na kibao cha plastiki, penseli imefungwa kwa uzi.
Mita ishirini za kamba juu ya mawe,
kamba ileile, mawe yaleyale.
Hapana, mawe si yaleyale. Nitafika huko.

Wenzangu wa Mwanza humwita furu.
Sisi wa Kalangala twasema nkejje,
samaki wa urefu wa kidole,
ambaye bibi yangu Nansikombi alimkausha
akamsaga kwenye uji, mtoto akianza kukonda.
Dume ana buluu ubavuni, au wekundu wa kutu.
Jike hana rangi ya kutaja, ila ana kinywa:
humo mna watoto wake wote.
Usimfukuze jike aliyevimba mashavu.
Akishtuka sana atawatema,
na si wote watakaouona tena mlango.

Nilipoanza, hoteli ilikuwa moja
na jenereta yake ililala saa nne.
Kibao cha mwaka ule ninacho bado:
mia moja na kumi na tisa, aina kumi na moja,
mwandiko wa msichana mwenye haraka ya kusifiwa.

Kisha ikajulikana kuwa wageni wanapenda mchanga.
Mtu hatoki Kampala, sembuse Ulaya,
aje kukanyaga utelezi.
Vijana wa Ssenkungu wakayabeba mawe kwa machela,
shilingi mia tano jiwe,
na leo yamepangwa kando ya njia ya baa,
yamepakwa chokaa.
Nikipita hapo najua lipi lilikuwa nyumba ya nani.

Mchanga wenyewe ulikuja kwa kivuko, haukutulia.
Kila mvua unateremka ziwani
na maji yanageuka chai ya maziwa.
Ndani ya chai hiyo buluu na wekundu ni kitu kimoja.
Jike aliyechagua kwa macho sasa anabahatisha,
na wanaozaliwa wana rangi ya majivu,
si wa huku, si wa kule,
nami sina safu ya kuwaandika.

Mkate. Nisisahau mkate.
Watoto hurusha vipande kutoka gatini
na wanaokuja ni sato, wakubwa, wasio na haya.
Waliokuwa wakikwangua mwani hawaji,
na mawe machache yaliyobaki yameota nywele.

Bwana mmoja mpole wa kutoka Mbarara
alivua miwani ya kuogelea, akaniambia:
"Dada, samaki wamejaa!"
Na kweli walijaa. Aina mbili.
Kama kuingia harusini ukakuta wapiga picha tu.

Sasa niseme nini?
Hoteli ndiyo hulipa mafuta ya boti yangu.
Kirabo wangu anasomea pesa za vyumba.
Na Machi, nikigeuka kusoma kamba,
pezi langu la mpira lilipiga tope,
na katika tope nikaona jike anakohoa
vitone kumi, ishirini, vyenye macho.
Sikuandika.
Kibao hakina nafasi ya anayehesabu.

Usiku ule nilikwenda njia ya baa,
muziki ukitetemesha hata magoti,
nikang'oa jiwe la tatu kutoka kwenye taa,
nikaliviringisha mpaka majini.
Asubuhi Lwanyaga, mtunza bustani,
alitazama pengo, akanitazama mimi,
akaziba kwa chungu cha maua.

Jumatano iliyofuata nilizama.
Chokaa haijatoka. Chini ya jiwe, ufa,
na ndani ya ufa, mashavu yaliyovimba.
Huenda ni watoto. Huenda ni mkate.
Sikusogea kuhakikisha.
Nilirudi nyuma kwa mikono tu,
miguu nimeibana kama mtu aliyevuliwa viatu mlangoni,
penseli ikielea kwenye uzi wake.