Visikizi vya Taibali

Pea ya kwanza, ya elfu mbili:
besi nzito, tamu, kama uji wa mtama,
ala zote zimekorogwa mumo humo.

Ya pili Taibali aliitoa kabatini kwa vidole viwili.
"Utando wake bapa, mwembamba kuliko ganda la kitunguu."
Nikaweka harusi ya Kibokoni, themanini na tatu.

Lo! Fidla huku, udi kule,
kijiko chagonga gilasi,
kila uzi wa ganuni umekaa mahali pake.

Kisha ule ubeti wa tatu, pale tulipojikwaa,
pale ninapomlaumu Shekuwe miaka arubaini sasa:
dumbaki yake imenyooka.

Kidole kilichochelewa ni changu.

"Vipi, fundi?"

"Nipa zile za kwanda.
Hizi zasema mno."