Pweza Mkononi

Mkoba ulibaki msumarini, nyuma ya mlango,
nami nimeshafika soko la Wete,
jasho kwapani, noti mfukoni,
mikono miwili inaning'inia bure.

Kombo Shaame hakuuliza.
Alimtupa pweza kwenye mizani,
kisha mkono wake wa kushoto ukazama chini ya meza,
huko inakofichwa mifuko siku hizi
kama karafuu za magendo.
Ukaibuka na kimoja cheusi, chembamba,
kinachonong'ona kabla hakijafunguliwa:
chukua, mwalimu, nani anakuona?

Nani ananiona.
Alhamisi tu nilitoka na darasa la tano
kuhesabu mifuko kwenye mfereji wa nyuma ya skuli,
ule unaoshukia mikokoni.
Tulifika mia na saba, tukaacha;
si kwamba ilikwisha, kengele ililia.
Mmoja ulikuwa umeukumbatia mzizi wa mkoko
kama mtoto anayeogopa maji.
Time binti Makame akauvuta, ukakatika,
nusu mkononi mwake, nusu palepale.
Akaniangalia.
"Na wewe, mwalimu, kitoweo hutia wapi?"
Nikasema: mkobani.

Ilikuwa kweli mara tatu kwa kumi.
Mara saba mimi ni mtu wa kifuko,
na kifuko ni rafiki wa msahaulifu:
hakidai ukikumbuke, hakikuulizi umetokaje nyumbani,
kinakungoja popote, kimekunjwa, kimenyamaza.
Unakitumia kutoka sokoni hadi jikoni,
dakika kumi na mbili kwa miguu yangu hii,
halafu unakisahau.
Chenyewe hakisahau.
Kitamzika Time, kimngoje na mjukuu wake.

"Lete hivyo hivyo," nikamwambia Kombo.
"Hivyo hivyo vipi?"
"Mkononi."
Akacheka mpaka muuza ndimu akageuka.
Zamani, akasema, baba yangu angempitishia ukuti,
ukamtia kidoleni, ukenda zako.
Tukatazama huku na huku.
Mnazi tuliuona, ng'ambo ya barabara, mrefu.
Wa kuupanda hatukumwona.

Basi nikambeba.
Asiyewahi kumbeba pweza hajui:
hashikiki, anamwagika,
mkono mmoja ukimkusanya, mwengine unampoteza,
na minyiri minane, kila mmoja una safari yake.
Nilipita benki. Nilipita duka la vitambaa,
salamu nikiziitikia kwa kidevu.
Mzee Mbarouk, katoka msikitini,
akaninyooshea mkono, akauona wangu,
akaurudisha kifuani taratibu, kama aliyekumbuka deni.
Watoto wakaniandama mpaka Jadida:

Mwalimu na pweza wake,
mkoba wake u wapi!

Mlangoni Zuwena aliuma ncha ya kanga.
Hakusema neno.
Aliusukuma mlango kwa kidole kimoja tu,
na nyuma yake mkoba ukajitokeza,
ukili wa zambarau na kijani,
kazi ya shangazi yake wa Kojani,
wiki mbili za vidole na mate na mazungumzo,
tumbo wazi, tupu,
umenitazama nikitoka asubuhi
wala haukuniita. Hauna mdomo wa kuitia,
hauna mtu chini ya meza wa kuusemea.

Shati lile lina doa mpaka leo.
Zuwena amelifua mara nne, sasa analiita la pweza.

Usiku niliung'oa msumari,
nikaupigilia upande wa pili, juu ya viatu,
chini kidogo ya pale fundi yeyote angeupiga.

Jumamosi iliyofuata nikasahau tena.
Nilikuwa nimeshafunga kamba za viatu,
nikainuka kwa haraka,
mkoba ukanigonga usoni.