Tarehe Ishirini na Tisa

Kila tarehe ishirini na tisa ya mwezi
viazi vyangu huchemka mapema.
Montevideo nzima siku hiyo hula vidonge vya viazi,
na chini ya sahani huwekwa hela kidogo
ili mwezi ujao usije mikono mitupu.
Mimi huweka peso ishirini.
Washington huweka mia,
kisha huichukua tena akiondoka: ya teksi, asema.

Sahani sita, viti vitano.
Cha sita ni ngazi ya kupakia rangi,
hapo hukaa aliyechelewa,
na aliyechelewa ni Fausto, siku zote Fausto,
mwenye visingizio virefu kuliko njia aliyopita.

Shangazi Ofelia hupiga simu Jumapili, kutoka Tacuarembó:
"Ademar, mwanangu, jiko utapata lini?"
Jiko ninalo, shangazi. La gesi, macho manne,
moja haliwaki mpaka ulipige ngumi.
Hucheka. Hunyamaza.
Kisha huniuliza habari za mvua.
Anajua. Alijua kabla yangu,
siku ile mtoto wa muuza vyuma alipokwenda jeshini
nami nikalia, nikasema ni vitunguu,
na vitunguu nyumbani havikuwepo.

Nibia wa ghorofa ya tatu huniita shoga,
kwa lile tamko la wanawake wakisukana:
shoga, nionjee mchuzi;
shoga, nifunge zipu.
Neno lilelile nililotupiwa shuleni pamoja na jiwe
yeye amelifua, amelianika, amelipiga pasi,
akanirudishia likinukia sabuni.
Sijamwambia asante.
Humfunga zipu.

Na Leonel. Tulipendana miaka mitatu,
tukashindwana kwa ajili ya dirisha:
yeye hulala likiwa wazi, hata Julai.
Sasa ana mume, Bautista,
mpole, mwenye mafua ya mwaka mzima.
Nilikusudia kumchukia.
Nilijitahidi miezi miwili, nikachoka;
ni kazi ngumu kumchukia mtu
anayekuoshea masufuria bila kuombwa.

Baada ya kula, karata.
Katika mchezo wetu kukonyezana ni halali,
ni ishara kwa mwenzako kwamba umeshika kubwa.
Washington amenikonyeza mara nne.
Mwezi huu, tuseme ukweli, hakuna mwingine.

*

Agosti nilitolewa mfuko wa nyongo.
Muuguzi, kalamu mkononi: Mke?
Hapana.
Mtoto?
Hapana.
Basi likitokea la kutokea, tumpigie nani?
Nikatazama dari. Nilifika ufa wa saba.
"Niandike mimi," mtu akasema mlangoni.
Fausto! Saa kumi na mbili alfajiri, amewahi,
kwa mara ya kwanza na nadhani ya mwisho,
kabeba kandambili zangu katika mfuko wa mkate,
zote mbili za mguu wa kushoto.

Muuguzi akauliza: Wewe ni nani wake?
Fausto akafikiri muda mrefu,
mrefu mno, nikaanza kuogopa jibu.
"Mimi," akasema, "ndiye wa kwenye ngazi."
Muuguzi akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

*

Wameondoka saa saba usiku.
Nibia amesahau shali, makusudi,
ili kesho apate sababu ya kugonga.
Bautista ameacha karafuu moja ya vitunguu saumu,
eti dawa, kama kwamba mafua ni yangu.
Nainua sahani moja moja.
Chini ya ya Washington, peso mia imelala palepale.
Amesahau, au ameamua kutembea.

Kitanda changu ni kipana. Sisemi si kipana.
Kuna upande ambao shuka lake haliishi kukunjika,
na asubuhi nyingine mkono hunitoroka,
ukaenda kuhakikisha.

Upepo wa mtoni unagusagusa kioo.
Nimefungua dirisha, kiasi cha vidole vinne tu.
Leonel hana haja ya kujua.