Uzito wa Hewa

Nje, digrii ishirini na mbili chini ya sifuri.
Ndani ya gereji hita ya mafuta inanung'unika,
na Volvo ya mwaka themanini na sita imefunuliwa kifua:
injini nyekundu, lita mbili nukta tatu,
pistoni nne zinangoja kuambiwa zitakula nini.

Juu ya rafu lile turbo kubwa linanitazama kwa jicho moja.
Nililinunua mimi. Nisimsingizie mtu.
Mishahara miwili ya kiwanda cha mbao, zamu za usiku,
kwa kuwa Eilert alisema, akipangusa povu masharubuni,
"Kubwa halijawahi kumwaibisha mtu."
Nami nikaona, bila kupima chochote,
farasi mia sita wakichungulia mdomoni mwake.

Jumapili ile, juu ya barafu ya Kroksjön,
nilikanyaga mafuta mwanzoni mwa kona.
Kimya.
Moja. Mbili.
Kona ikapita, watazamaji wakapita, kibanda cha kahawa kikapita,
ndipo nguvu zote zikafika kwa pamoja,
kama wageni wa harusi waliokosea tarehe,
zikanikabidhi kwa ukuta wa theluji.
Chelewachelewa, utakuta kona si yako.
Ukubwa ni jalala: moshi wote niliolipa lilipokea,
likakaa nao.

Usiku huu naanza upya, kwa penseli.
Injini ni pafu, huvuta pumzi moja kila mizunguko miwili.
Mizunguko elfu sita na mia tano kwa dakika;
gawa kwa mbili, zidisha kwa lita zake,
punguza kidogo, maana hakuna pafu linalojaa hadi ukingoni,
kisha shindilia, mgandamizo mara mbili ya ule wa nje,
na usisahau joto: hewa iliyobanwa hukasirika, hujitanua.
Jibu: kilo kumi na nne.
Kilo kumi na nne za hewa, kila dakika.

Nikaiweka penseli chini.
Tyra ana kilo kumi na nne.
Muuguzi alimpima juzi, akiwa na soksi moja tu.
Basi kila dakika injini hii itameza
uzito wa binti yangu akiwa amenilalia begani
nikimtoa garini, nikitafuta ufunguo gizani.
Tangu hapo siwezi kuita hewa kitu kitupu.

Nikatandaza ramani za kompresa mezani:
kisiwa ndani ya kisiwa,
kama alama ya kidole gumba cha mtu nisiyemjua.
Kushoto, mpaka wa kupaliwa: hewa hurudi ilikotoka, feni hukohoa.
Kulia, mpaka wa jasho la bure:
feni hukimbia, hukimbia, huipika hewa badala ya kuisukuma.
Nikatia nukta zangu tatu.
Kwenye ramani ya kubwa, ile ya mizunguko elfu tatu
iliangukia ng'ambo ya mpaka,
mtoto aliyefungiwa nje na baridi hii.
Kwenye ramani ya dogo zote zilienea,
ya mwisho imejibana pembeni, magoti kifuani,
lakini ndani.

Na nyumba ya turbini nikachagua nyembamba,
moshi upite mbio,
kama maji ya bomba unapoyaziba nusu kwa kidole.

Eilert alilishika dogo kiganjani, akalipima kama yai.
"Hili ni la trekta?"
"La kona," nikasema.
Hakucheka. Akaomba kuona karatasi ya hesabu,
akaisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Februari nilikanyaga mafuta palepale.
Mluzi ulikuja kabla sijamaliza kuuwazia,
gari likakunja kona, misumari ya matairi ikang'ata barafu.
Kwenye mstari mrefu wawili walinipita, sikatai.
Nilimaliza wa nne.

Lile kubwa bado lipo, rafu ya chini sasa.
Tyra hutia humo penseli zake za rangi.
Zinaenea zote,
na nafasi inabaki.